Kibwagizo cha Ushuru

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana mmoja wa Matsangoni, kando ya barabara kuu itokayo Kilifi kwenda Malindi, alikabidhiwa daftari lisilo na karatasi: programu ya duka la vifaa vya ujenzi, iliyoandikwa kwa lugha ya PHP. Kiwango cha ushuru wa ziada ya thamani, 16, kilikuwa kimeandikwa upya katika kila ukurasa wenye hesabu.

Tarehe 1 Aprili 2020, wakati wa janga la korona, Kenya iliteremsha kiwango hicho hadi asilimia 14. Kijana akarekebisha ukurasa wa risiti. Ule wa ankara ukamponyoka. Kwa bidhaa za shilingi 10,000, ankara ilidai 11,600 na risiti 11,400. Mteja aliyeziweka pamoja hakulaumu programu. Alimwita kijana mwizi, mbele ya watu.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja, juu ya kurasa zote: define('USHURU', 14). Hicho ndicho kisobadilika. Kigeu katika PHP hutanguliwa na alama ya dola, na thamani yake huweza kugeuzwa wakati wowote. Kisobadilika hakina alama hiyo, aghalabu huandikwa kwa herufi kubwa, na programu ikijaribu kukitangaza tena hupata onyo huku thamani ya awali ikidumu.

Mwanafunzi wa ushairi hapaswi kuona ugeni hapa. Kiishio hubadilika ubeti hadi ubeti. Kibwagizo hurudi vilevile. Hata hivyo, malenga ana hiari ya kukiandika upya kabla ya shairi kughaniwa. Vivyo hivyo, kisobadilika hakimfungi mwandishi wa programu. Huifunga programu inapoendeshwa. Tarehe 1 Januari 2021, kiwango kiliporejea asilimia 16, kijana aligusa mstari ule mmoja tu.

Lakini palibaki fumbo: risiti ya mwaka 2020 ikichapishwa upya, itumie kiwango kipi? Kisobadilika cha leo kingesema uongo juu ya jana. Kwa hiyo, kila mauzo yalihifadhiwa pamoja na kiwango cha siku yake. Kutangaza jambo kuwa thabiti, basi, ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua uthabiti huo unaanzia wapi na kukomea wapi, na hapo ndipo jina la mtu huponea.