Chenji ya Mteremko

Mzigo wa mwenzio, walisema wahenga, ni kanda la usufi. Kwa zaidi ya miaka 30 mzee mmoja wa Pemba alipakia nyuma ya baiskeli yake magunia ya karafuu, mikungu ya ndizi, nazi, na mara nyingine mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Na waliomwona akipita waliona mtu na baiskeli tu. Ilikuwa Phoenix nyeusi kutoka Shanghai, yenye breki za fito za chuma na gia moja: meno 48 mbele, meno 20 nyuma. Pedali zikizunguka mara moja, baiskeli ilisogea mita 5 na robo hivi, si zaidi, si pungufu. Pemba ni nchi ya vilima na mabonde, na mzee aliijua njia kwa hesabu yake mwenyewe: kilima hiki hupandwa, kile husukumwa.

Mwanawe alikwenda London akiwa kijana, na huko akapata kazi ya utarishi wa baiskeli, kupeleka barua na vifurushi ofisi hadi ofisi. Wengi miongoni mwa matarishi wenzake walipanda baiskeli isiyokuwa na friwili. Katika baiskeli ya kawaida, ndani ya gia ya nyuma mna vijimeno vyenye springi ambavyo huliachia gurudumu lizunguke miguu ikiwa imetulia. Ndio ule mlio wa tiki-tiki-tiki usikikao katika mteremko. Katika baiskeli ya matarishi, gia imekazwa juu ya kitovu cha gurudumu, na nyuma yake hufungwa pete yenye hesi za kushoto, ili mpandaji akizuia pedali gia isilegee. Gurudumu likienda, pedali zinakwenda. Pedali zikienda, miguu inakwenda. Hakuna kupumzika mpaka baiskeli isimame.

Kijana aliipenda baiskeli hiyo kama mtu apendavyo shairi la mizani nane kwa nane. Alijifunza kuunda magurudumu, kupanga spoki na kuzivuta moja moja mpaka rimu iache kuyumba. Alijua kwamba baiskeli ya namna hiyo ndiyo aliyoipanda Eddy Merckx mjini Mexico City mwaka 1972, alipokwenda kilomita 49.431 kwa saa moja, na kwamba mashindano ya Tour de France hayakuruhusu gia za kubadilisha kwa mnyororo kuhama hadi mwaka 1937. Aliona katika kifungo kile namna ya uhuru: aliyenyimwa njia ya mkato hujifunza kuisoma barabara mapema, naye husikia kwa nyayo zake kila badiliko la kasi.

Alipopata likizo akarudi nyumbani, akiwa na gia moja na pete yake katika mfuko. Nia yake ilikuwa njema. Usiku mmoja, baba yake akiwa amelala, aliitoa Phoenix uani, akafungua friwili iliyochakaa, akaikaza gia ile mahali pake, akaunyoosha mnyororo, akapaka grisi. Alidhani amempa mzee heshima ambayo vijana wa Ulaya huitolea fedha nyingi. Akalala, akingoja asubuhi amweleze.

Lakini mzee hakungoja asubuhi. Alitoka alfajiri, kama ilivyokuwa ada yake, na kwa kuwa njia ya kutokea nyumbani inapanda, hakutambua kitu. Mwenye kupanda kilima hukanyaga tu. Alipofika kileleni akafanya alilolifanya kwa miaka yote ile: akaacha kukanyaga, akatuliza miguu, akaiachia baiskeli ishuke. Pedali hazikukubali. Zilimnyanyua kutoka kwenye siti kama mnyama aliyeshtuka, na mzee akaangukia mkono, ukavunjika.

Hakupiga kelele wala hakumlaani mwanawe. Siku ya tatu, mkono ukiwa umefungwa plasta, kijana alikaa chini ya miguu yake kuomba radhi, akajaribu kumweleza uzuri wa gia ile. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "kilima nakilipa mimi. Mteremko ndiyo chenji yangu. Wewe umenichukulia chenji."

Maneno hayo yalimkaa kijana kuliko lawama. Alikuwa amedhani kwamba yeye na baba yake wanapanda kitu kimoja, kwa kuwa kila mmoja ana gia moja. Kumbe mmoja amejinyima, na mwingine amenyimwa. Mshairi anayefuata vina na mizani ana mlango nyuma yake. Akichoka ataandika nathari. Mchukuzi mwenye gunia hana mlango huo. Kile kidogo alichopewa na chombo chake, dakika mbili za kushuka bila ya kutoa jasho, kilikuwa mali yake, na mali ya mtu haiguswi bila ya idhini, hata kwa mapenzi.

Siku hiyo hiyo alinunua friwili mpya yenye meno 20, akairudisha palipokuwa pake. Kisha akajitengenezea baiskeli yake kutokana na fremu kuukuu. Akachagua meno 42 mbele na 17 nyuma, hesabu zisizogawanyika, ili tairi likiburuzwa lisiliwe mahali pamoja. Tena akafunga breki ya mbele. Sheria ya Uingereza huihesabu gia iliyokazwa kuwa breki ya gurudumu la nyuma, lakini hudai nyingine ya mbele. Na vilima vya Pemba vinadai vivyo hivyo, sheria iwepo isiwepo.

Mkono wa mzee ulipopona, alirejea barabarani na mizigo midogo zaidi, na kijana, kabla ya kuondoka, akamfuata asubuhi kadhaa. Kilimani walikwenda sawa, kila mmoja na pumzi zake. Kileleni mzee alituliza miguu, na friwili ikaanza kulia. Nyuma yake mwanawe, kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa, angelazimika kuzungusha miguu mara 128 hivi kila dakika. Akashika breki, akabaki nyuma, akamwacha baba yake ashuke peke yake, kanzu ikijaa upepo.