Mngurumo Tulioukimbilia

Uwanja wa ndege wa Bukoba ninaoukumbuka mimi haukuwa na uzio. Ulikuwa ukanda wa changarawe nyekundu kando ya ziwa, Kisiwa cha Musira kikionekana kule mbele, na siku zisizo na ndege ulikuwa wetu: tulichezea mpira pale, akina mama walikatiza na vikapu vya samaki, mbuzi wakala nyasi za pembeni bila kuulizwa na mtu. Palikuwa na mzee mlinzi tuliyembandika jina la Ta Filimbi. Siku ya ndege alitokea na baiskeli, filimbi mdomoni, akiswaga mbuzi na watoto kwa pamoja, nasi ndio tuliomsumbua zaidi.

Ratiba yetu ilikuwa masikio. Ile ya karatasi haikufaa kitu, kwa sababu mvua ya Bukoba haina adabu. Mawingu yakililalia ziwa, rubani alizunguka mara mbili, tatu, kisha akageuza kurudi Mwanza na abiria wake, na waliokuja kupokea mgeni wakarudi nyumbani kula wenyewe zile ndizi walizompikia. Watu wa kawaida walipanda meli ya MV Victoria, usiku kucha majini. Ndege ilikuwa ya wakubwa wa mkoa, mapadri na watu wa kahawa. Lakini kila nyumba ilikuwa na cha kutuma. Bibi yangu hakuwahi kupanda ndege maisha yake yote, ila vifurushi vyake vya akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, vilifika Dar es Salaam mara nyingi kuliko mkuu wa wilaya, na msimu wa senene alimvizia abiria mlangoni: “Ta, nifikishie mwanangu, waitu.” Nani angemkatalia?

Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki nako nilikuona pale kabla mwalimu hajakutaja darasani. Mwanzoni mwa 1977 simba mwenye mabawa wa East African Airways alitoweka. Ndege zilizokuja baadaye zilikuwa na twiga mkiani. Tulibishana wiki nzima kama twiga anaweza kumshinda simba.

Kisha ikaja ile siku ya katikati ya Oktoba 1978. Tulisikia mngurumo, na kama kawaida tukatimua mbio kuelekea uwanjani. Haukuwa ule mvumo wa propela unaokua taratibu kutoka ziwani. Huu ulichana anga kama mtu anayerarua khanga mpya, lakini miguu ilikuwa imeshazoea, haikungoja akili. Tulipokaribia, Ta Filimbi alikuwa anatujia kwa baiskeli, mkono mmoja hewani, filimbi ikimning'inia kifuani. Alikuwa anapiga kelele kwa Kihaya: rudini, rudini! Sikuwahi kumsikia akipaza sauti kabla ya hapo.

Zilikuwa ndege za kivita za Idi Amin. Mabomu yenyewe hayakuharibu mengi, lakini mshindo ulipasua vioo vya madirisha mjini, na mji mzima ukaingia barabarani. Mama alinikuta nimelala kifudifudi chini ya mgomba, akanipiga kofi kwanza, ndipo akanikumbatia. Kabla ya jioni tulikuwa njiani kwenda kwa wajomba Kamachumu, godoro kichwani kwake, kuku mikononi mwangu.

Miaka mingi baadaye, Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoangukia ziwani karibu na uwanja ule ule, ikiwa na watu 43, waliowahi kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 19 walikufa. Wenzangu wa mjini walishangaa jinsi wavuvi walivyowahi. Mimi sikushangaa: watu wa ufuko ule hawajaacha kusikiliza.

Lakini wakati ule, vita vya Amin vilipokwisha, mkoa wa Ziwa Magharibi ukaitwa Kagera, nasi tulikuwa tumesharudi nyumbani. Asubuhi moja mvumo ukasikika kutoka upande wa ziwa, wa taratibu, wa propela. Tulikuwa watoto sita uani, tukimenya ndizi. Hakuna aliyekimbia. Wote tulimtazama mama. Aliweka kisu chini, akainamisha kichwa kusikiliza, muda mrefu.

“Ni ya twiga hiyo,” akasema. “Nendeni.”

Wa mwisho kuinuka nilikuwa mimi.