Nguo ya kuzamia katika nyumba ya vyumba viwili

Katika mkutano wa juma lililopita wengi mliuliza tulikwenda kufanya nini Bujumbura. Tulikwenda wanne, walimu wawili na wamama wawili wa kikundi cha ushonaji, kumpongeza dada mdogo wa mmoja wetu aliyejifungua. Habari za mtoto mlizisikia, na vitenge tulivyorudi navyo mliviona. Leo tunawapa habari za nyumba anamolelewa mtoto huyo, maana tuliona mle jambo linalomgusa kila mama anayeanika nguo ndani wakati wa mvua.

Safari yenyewe ni ya kushuka tu. Ziwa letu la Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na Tanganyika iko chini yake kwa karibu mita 700. Mto Ruzizi ndio unaoyapeleka maji yetu kule. Kabla ya kufika Kamanyola masikio yameziba na masweta yamevuliwa. Bondeni ni joto, ng'ombe, mashamba ya mpunga, na abiria waliokuwa wakizungumza sana wanasinzia. Uvira tulisimama kununua ndagala. Wamama wa pale walikuwa wamewatandaza kwenye jua, wanawageuza kwa mkono, na mmoja akatuambia kwamba siku ya mawingu yenye upepo anaipenda kuliko siku ya jua lisilo na upepo, kwa kuwa upepo unakausha na jua peke yake linapika. Neno hilo tulilisikia tukaliacha pale sokoni. Tulilikumbuka baadaye.

Ukipita mpaka wa Kavimvira unaingia Gatumba, ambako tangu 2020 maji ya mto na ya ziwa yameingia katika nyumba za watu zaidi ya mara moja. Baada ya hapo ni mji. Dada yetu anakaa Buyenzi, mtaa wa watu wa Kiswahili tangu zamani za Wabelgiji, wenye avenyi za namba zilizonyooka kama mistari ya daftari. Hakuna hata mmoja wetu aliyehitaji mkalimani. Hata watoto walitucheka tu kwa lafudhi yetu ya Bukavu.

Nyumba ni sebule na chumba, dirisha moja kila upande, ndani ya parseli wanayoishi familia nyingine tatu. Tulipoingia, mwenzetu mmoja alipiga kelele "Yesu wangu!" akarudi nyuma hadi kwenye mlango. Juu ya makochi alikuwa ananing'inia mtu mweusi asiye na kichwa, amekunjwa kiunoni, miguu upande huu na mikono upande ule. Dada akacheka hadi mtoto akaamka. Ilikuwa nguo ya kazi ya mume wake.

Shemeji ni mzamiaji. Anafanya kazi ya kukamata samaki wa rangi, wale wadogo wanaoishi kwenye mawe ya pwani ya kusini ya Burundi, wasiokwenda sokoni wala kwenye sufuria. Wanasafirishwa kwa ndege wakiwa hai hadi Ulaya, Amerika na Asia, na watu wanawafuga katika visanduku vya kioo sebuleni. Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii hiyo, na karibu zote hazipatikani mahali pengine duniani. Biashara hiyo Bujumbura si ya jana. Mbelgiji Pierre Brichard aliifanya pale katika miaka ya 1970 na akaandika vitabu vinene juu ya samaki hao. Mzamiaji anashuka na mtungi wa hewa mgongoni, anatega wavu mdogo kwenye jiwe, anawasukumia samaki kwa mkono. Kuwapandisha ndiyo kazi inayotaka subira: samaki ana kibofu cha hewa tumboni, na akipandishwa haraka kinavimba na kumwua. Ni lazima apandishwe kwa vituo, kama mgonjwa anayepandishwa ngazi.

Vifaa analala navyo nyumbani kila mzamiaji, kwa sababu vina bei na mashua haina kufuli. Basi hesabu wenyewe: nguo nzima ya mpira mnene, viatu vyake, koti linalojazwa hewa la kumsaidia kuelea, miwani, mapezi ya miguuni, mipira ya kupumulia. Vyote vimelowa. Katika sebule hiyo hiyo wanalala watoto wawili wakubwa, na chumbani kuna kichanga.

Hapo dada alitusimulia ya mwaka juzi, kabla ya mimba hii. Zilikuwa mvua za Novemba. Nguo ilikuwa haijakauka siku tatu, inanuka, na mume ameanza kupata vidonda shingoni na kwapani kwa kuvaa mpira mbichi kila alfajiri. Akaona amsaidie. Aliwasha mbabula nje, akapepea hadi makala yakawa mekundu kabisa bila moshi, akaiingiza sebuleni na kuiweka chini ya nguo. Mvua ilikuwa inapiga dirishani, akalifunga. Wakalala.

Usiku wa manane binti yao wa miaka 6 aliamka kuomba maji, akatapika. Mama alitaka kusimama, miguu ikakataa. Shemeji aliamka na kichwa kinachogonga kama nyundo, na kichwa hicho alikijua. Alikwisha kukipata mara moja ziwani, siku ambayo bomba la kuvutia hewa la kompresa, mashine inayojaza mitungi yao, liligeuzwa upande wa moshi wa injini yake. Wazamiaji wote wanafundishwa jambo hilo: hewa ya kompresa ivutwe kutoka upande unakotoka upepo, mbali na bomba la moshi, maana sumu kidogo ndani ya mtungi inakuwa kali zaidi kadiri mtu anavyoshuka. Hakuwahi kufikiri kwamba sumu ile ile inaweza kukaa katika mbabula ya mke wake. Alisukuma mlango, akawavuta watoto mmoja mmoja hadi kwenye mvua.

Asubuhi majirani wa parseli walisema ni chakula cha jioni. Muuguzi wa kituo cha afya hakusema hivyo. Makala yanayowaka mahali palipofungwa hutoa hewa ambayo madaktari wanaiita monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, haikohozeshi. Inaingia katika damu na kuchukua nafasi ya hewa nzuri, mtu anaumwa kichwa, anazunguliwa, anataka kutapika, anaishiwa nguvu. Na aliyelala usingizi anaweza asiamke kabisa. Tena wamama tuelewane hapa, kwa kuwa tumelelewa na maneno mengine: makala mekundu yasiyo na moshi hayajawa salama. Moshi umekwisha, hewa ile bado inatoka. Kama yule binti asingesikia kiu, tusingekuwa na nyumba ya kutembelea.

Tangu usiku huo mbabula haivuki kizingiti. Tuliwauliza sasa wanakaushaje, na shemeji, ambaye si msemaji, alisimama kutuonyesha kama mwalimu mwenzetu.

Kwanza maji yanabaki nje. Anasuuza vyote kwa maji ya bomba uani, kisha nguo inatundikwa pale nje chini ya ukingo wa bati, ichuruzike. Maji ya mpira yanashuka na kukusanyika mwisho wa mikono na miguu, kwa hiyo kila anayepita anaminya. Dada aliwahi kuweka beseni chini yake, na maji yaliyopatikana yalitosha kusafishia sakafu. Maji hayo yangeingia ndani yangekwenda wapi? Yangepanda hewani, yakashika ukuta na godoro, na baada ya majuma mawili ungeona madoa meusi ya kuvu nyuma ya kabati na kusikia mtoto anakohoa usiku. Watoto wangapi darasani kwetu wanakohoa kuanzia Oktoba hadi Mei, na tunasema ni baridi tu!

Pili, anatandika taulo kavu au kitenge kizee, anaiweka nguo juu yake, anavikunja pamoja kama mkeka na kukanyaga kwa magoti. Kitenge kinanyonya sana. Ndipo inaingia sebuleni, imegeuzwa ndani nje, kwa sababu upande unaogusa ngozi ndio unaotakiwa ukauke kwanza. Inakunjwa kiunoni juu ya bomba nene la chuma lililofungwa kutoka ukuta hadi ukuta. Ikitundikwa mabegani kwa kamba nyembamba inavutika na uzito wa maji na kuharibika. Bomba liko juu, hewa ya joto inakopanda, lakini halikaribii bati, kwa kuwa usiku bati linatoa jasho na kudondosha. Viatu vinajazwa karatasi za magazeti, zikilowa zinabadilishwa. Koti linamwagwa maji ya ndani kwa mpira wake, kisha linapulizwa nusu ili pande zake zisishikamane.

Basi, na upepo. Madirisha mawili yanaachwa wazi kwa upana wa mkono, moja sebuleni, moja chumbani, na pazia kati yake linafungwa juu. Umeme ukiwapo, kipepeo kidogo cha meza kinaelekezwa kwenye nguo, si kwenye mtoto. Jua kali hataki. Linaufanya mpira kuwa mgumu na kupasuka. Moto ndiyo hataki kabisa. Tulimkumbuka yule mama wa ndagala wa Uvira, naye hajawahi kuona nguo ya kuzamia.

Mmoja wetu aliuliza juu ya bilharzia, kwa kuwa watoto wanazichezea sana nguo hizo. Ni swali zuri. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini, huishi majini siku moja au mbili tu, na huingia kwa kupenya ngozi. Kitu kikikauka kabisa vinakufa. Kwa hiyo kilicho hatari ni maji ya ziwa yaliyobaki ndani ya viatu na ndani ya koti, na ndiyo maana anayamwaga ziwani kabla hajapanda pikipiki. Watoto wanaruhusiwa kugusa kilichokauka tu. Mtungi wenyewe hauletwi nyumbani. Ukijaa, hewa iliyomo imeshindiliwa kwa nguvu sana, na hakuna mama anayetaka chuma cha namna hiyo kiangukie karibu na mtoto.

Tulilala siku mbili pale, mvua ikinyesha zote mbili. Saa 11 alfajiri shemeji aliishusha nguo, akaingiza mkono katika kila mkono na kila mguu hadi mwisho, akaikunja akaenda. Kabla hajafika barabarani dada alikuwa amekwisha kuanika nepi kwenye bomba lile lile.

Sasa huku kwetu. Hatuna wazamiaji, lakini tuna sweta za shule, mashuka, makoti ya askari na ya walinzi, na tuna baridi ambayo Bujumbura hawaijui. Ndiyo sababu mbabula zinaingia vyumbani, kukausha na kupasha moto pamoja, hasa kwa mzazi aliyetoka kujifungua. Tunawajua wazee watakaotukemea kwa kuandika hivi. Mzazi na ajifunike, anywe uji wa moto, chupa ya maji ya moto ifungwe katika kitambaa na kuwekwa miguuni pake. Makala yabaki barazani. Ile kazi ya kukunja nguo katika kitenge na kuikanyaga tumeijaribu kwa sweta tatu za wanafunzi wetu zilizolowa Jumatatu. Zilitundikwa jioni katika chumba chenye upepo, na Jumanne asubuhi zilivaliwa.

Bomba la chuma ni ghali. Fundi wetu wa Kadutu anasema mwanzi mnene unatosha, ukipigwa msasa usichane nguo, na ametuwekea sita kando. Anayetaka aje Jumamosi kabla ya mkutano, na apime kwanza upana wa chumba chake kutoka ukuta hadi ukuta.