Msitu wa Kakamega na Chemchemi ya Nyumbani

Mtu atokaye Kisumu kwenda Kakamega kwa gari husafiri mwendo wa kilomita 50 hivi, akipanda vilima vya Maragoli vyenye majabali makubwa, na njiani huvuka mstari wa Ikweta. Kabla hajafika mjini, karibu na Ilesi, huona jiwe kubwa mno lililosimama kama nguzo, na juu yake jiwe jingine kama kichwa juu ya mabega. Jiwe hilo huitwa Jiwe Liliao, kwa kuwa maji huchuruzika ubavuni mwake mfano wa machozi. Wageni husimama wakalitazama, wakapiga picha, kisha wakaenda zao. Ni wachache wanaojiuliza maji hayo yatoka wapi. Mimi nami sikujiuliza habari za maji mpaka nilipokuwa mtu mzima mwenye watoto, na jambo lililonifunza ndilo nitakalo kuwaeleza wasomaji leo.

Kwetu ni nchi ya Isukha, upande wa mashariki wa mji, karibu na mpaka wa msitu. Ni nchi ya juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni ya baridi kiasi. Asubuhi jua huwaka vizuri, watu wakaanika mahindi na nguo. Ifikapo saa nane au saa tisa mawingu hukusanyika juu ya msitu, radi ikanguruma, na mvua ikashuka kwa nguvu, pengine pamoja na mawe yapasuayo majani ya migomba. Kwa mwaka mmoja hunyesha mvua ipatayo milimita 2,000. Kwa sababu hiyo tulikua tukidhani ya kuwa maji ni kitu kisichoweza kutuishia.

Mji wenyewe una habari zake. Mwaka 1931 dhahabu ilionekana katika nchi ya Kakamega, na muda si muda watu wa kila namna wakaja na mahema na sururu. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imewaahidi wenyeji kwamba ardhi yao ikichukuliwa watapewa nyingine iliyo sawa nayo. Lakini mwishoni mwa mwaka 1932 sheria hiyo ikabadilishwa, ili dhahabu ipate kuchimbwa pasipo kutolewa ardhi badala yake. Marehemu baba yangu alikuwa kijana wakati huo, akachimba kwa mshahara kama vijana wenzake. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952, wenye mali wakaondoka, mashimo yakabaki. Baba alipotusimulia habari hizo jioni alikuwa na neno lake moja: “Dhahabu huchimbwa mara moja, bali shamba huchimbwa kila mwaka.” Tulimsikia, lakini kusikia na kushika ni mambo mawili.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 Kakamega ikawa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi, na tangu mwaka 2013 ni makao makuu ya Kaunti. Nilipomaliza shule nilipata kazi ya ukarani katika ofisi moja mjini. Kila asubuhi nilikwenda kwa baiskeli, shati jeupe na kalamu mfukoni, na kila jioni nilirudi shambani. Watu wengi wa kwetu huishi hivyo, mguu mmoja mjini na mmoja kondeni.

Sasa niseme juu ya msitu. Uliwekwa chini ya ulinzi wa serikali mwaka 1933. Ramani huonyesha eneo la kilomita za mraba zipatazo 240, lakini miti ya asili iliyobaki haifiki nusu ya eneo hilo. Palipobaki ni mbuga, chai, na miti ya kupandwa. Wataalamu husema ya kuwa msitu huu ni ndugu wa misitu mikubwa ya Kongo. Miti yake mingi, ndege wake, vipepeo wake, hata nyoka wake, ni wa jamaa ya huko magharibi, wala hawaonekani penginepo katika Kenya ila kwa nadra. Umekuwa kama kisiwa kilichozungukwa na mashamba. Mbega weusi kwa weupe huruka matawini, na yuko ndege mkubwa wa rangi ya buluu mwenye kishungi, ambaye mgeni akimwona mara ya kwanza husahau neno alilokuwa akilisema. Mto Isiukhu hupita msituni humo, ukaja karibu na mji, na maji yake huishia katika Mto Nzoia, na Nzoia huingia Ziwa Viktoria.

Kwetu sisi msitu haukuwa mahali pa matembezi. Ulikuwa ghala. Mama zetu walipata kuni humo, waganga walipata magome na mizizi, na vijana walichimba mukombero, mzizi utafunwao ambao huuzwa hata mijini. Ngoma zetu za isukuti, kubwa, ya kati na ndogo, huchongwa kwa gogo la mti na kuwambwa kwa ngozi ya kenge. Na mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiandika ngoma hiyo ya Waisukha na Waidakho miongoni mwa urithi wa dunia unaohitaji kuokolewa upesi. Pasipo mti wa kufaa, fundi atachonga nini?

Katika shamba nililorithi, bondeni, palikuwa na chemchemi. Kando yake ulisimama mukumu, mti mkubwa wa jamii ya mitini, na chini yake vichaka vya kila namna vilivyoungana na msitu. Matunda ya mukumu yaliwaita ndege na kima, nao waliacha mbegu za miti mingine humo humo. Chemchemi ilitumiwa na nyumba kumi na moja. Hakuna aliyeilipia, wala hakuna aliyeomba ruhusa. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani za babu.

Mwaka 1994 nilikuwa na watoto wanne shuleni, na mshahara wa karani haukutosha. Rafiki yangu alinishauri nipande mikaratusi. Alisema nguzo zake huuzwa upesi, na penye unyevu hukua mbio kuliko mahali pengine popote. Neno hilo lilikuwa kweli tupu. Nilifyeka vichaka, nikaukata mukumu, nikapanda miche mia mbili kuizunguka chemchemi. Jirani mmoja aliuliza kwa nini naukata mti wa wazee. Nilimjibu kwamba wazee hawanilipii ada.

Baada ya miaka sita niliuza nguzo za kwanza, na ada zote zikalipwa. Visiki vikachipuka tena, nami nikajiona mtu mwerevu. Lakini mnamo Januari mwaka 2003, wakati wa kiangazi, mke wangu alirudi kutoka bondeni na mtungi mtupu. Alisema maji yamekuwa tope. Kufika Februari hata tope lilikauka. Wanawake wakaanza kwenda hadi kijito kilicho ndani ya msitu, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi, na wasichana wakawa wakifika shuleni baada ya kengele. Mmoja wao alikuwa binti yangu wa mwisho.

Jioni moja alikuja mama mmoja mjane, jirani yetu, mzee sana. Nilimkaribisha kiti, akakataa kukaa.

“Mwanangu,” akasema, “ulipozaliwa nilikuogesha kwa maji ya chemchemi ile. Wajukuu wangu nitawaogesha kwa maji gani?”

Nikamjibu, “Mama, mimi nimepanda miti katika shamba langu mwenyewe.”

Akanitazama kitambo, akasema, “Shamba ni lako. Maji je, uliyaumba wewe?” Akaenda zake na fimbo yake.

Usiku ule sikulala. Tatizo langu halikuwa dogo. Nguzo za mavuno ya pili zilikuwa bado nyembamba, nami nilikuwa nimekwisha kupokea malipo ya mwanzo kutoka kwa mnunuzi, na fedha hizo nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya mwanangu wa kiume, aliyekuwa amepata nafasi katika chuo cha ualimu. Kungoa mikaratusi kulikuwa ni kumnyima nafasi yake. Kuiacha kulikuwa ni kuwanyima maji majirani wote.

Nilimwita mwanangu nikamweleza. Hakunijibu kwa ukali, maana alilelewa vema, lakini aliuliza swali moja: “Baba, mbona hukufikiri hayo kabla ya kupanda?” Sikuwa na jibu. Nilirudisha fedha za mnunuzi, tukaikata miti ile, tukavichimbua visiki vyake kwa majembe na mashoka muda wa wiki tano. Majirani walikuja kusaidia, hata yule niliyemjibu vibaya. Mwanangu alikaa nyumbani mwaka mmoja akichuma chai kwa vibarua, ndipo akaingia chuoni. Leo ni mwalimu, nasi twapendana. Lakini najua ya kuwa mwaka ule hajausahau, wala mimi sijausahau.

Tulipanda vipande vya matawi ya mukumu, kwa kuwa mti huo hushika kwa vipande, na miche ya lusiola na mukomari. Maji hayakurudi mara moja. Mwaka wa kwanza palikuwa na unyevu tu. Mwaka wa tatu uzi mwembamba wa maji ulianza kutiririka, na mpaka leo haujafikia wingi wa zamani. Wakati wa kiangazi hutosha kunywa, hautoshi kufua. Yule mama mjane alifariki kabla hajauona. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira wa wakati huo, marehemu John Michuki, alipoamuru mikaratusi ing'olewe kando ya mito na chemchemi, watu wengi walinung'unika. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kulipa karo ya somo hilo.

Sisemi mkaratusi ni mti mbaya. Una nafasi yake penye kilima na udongo mkavu, mbali na maji, na mkulima mwenye kuni zake mwenyewe hana haja ya kuingia msituni usiku kama mwizi. Wala sisemi ya kwamba serikali peke yake yaweza kuulinda msitu. Tangu mwaka 1986 ulianza kuwekwa mkanda wa chai mpakani, na sheria ya misitu ya mwaka 2005 iliwapa wenyeji njia ya kuungana katika vyama na kushiriki ulinzi. Lakini mkanda na sheria havitazuia shoka la mtu aliyejiambia, kama nilivyojiambia mimi, kwamba mti mmoja si kitu.

Nawaomba wakulima wenzangu, na makarani wenzangu wenye mashamba nyumbani, kabla hamjapanda wala kukata kando ya maji, tembeeni kwanza bondeni mkahesabu nyumba zinazoteka humo. Mimi sikuhesabu mpaka nyumba kumi na moja ziliponijia mlangoni kwa mguu wa mama mzee mmoja. Wazee walisema kwamba majuto ni mjukuu, huja baadaye. Wangu alikuja mapema, nami nashukuru, kwa sababu alinikuta bado nina nguvu ya kushika jembe.