Ngwee Mezani

Lori lililofika Tunduma miaka ya tisini lilikaa siku kadhaa likisubiri karatasi zake. Kituo cha pamoja cha forodha kati yetu na Nakonde, upande wa Zambia, kilikuwa bado. Kilizinduliwa mwaka 2019. Foleni ilirudi nyuma kuelekea Mpemba, na madereva wakaua muda kwa drafti, karata na maongezi. Kwenye ofisi ndogo ya uwakala nilikokuwa karani, mzee mmoja Mzambia, mwenyeji wa Kitwe, aliweka ubao wa Scrabble juu ya kabati la mafaili. Jioni ukishushwa, meza inajaa.

Mchezo wenyewe una vipande 100 vya herufi. E ziko 12, ilhali Q na Z ni moja moja, kila moja pointi 10. K nayo ni moja tu, na kwa mtu aliyelelewa katika Kiswahili hiyo ni njaa kabisa. Wazambia walitutangulia, maana kwao Kiingereza ni lugha ya serikali na ya darasani, sisi tulikutana nacho sawasawa sekondari. Mzee wa Kitwe aliliona hilo akaweka sharti: anayepanga neno alieleze kwa Kiswahili au Kibemba mpaka meza nzima ielewe. Akishindwa, anazoa herufi zake.

Sharti hilo lilitusomesha kuliko mwalimu yeyote niliyempata. QAT tulilipokea bila ubishi, maana mirungi kila dereva anaijua. ZAX alilieleza fundi ujenzi aliyepita kuomba maji: zana ya kukatia vigae vya mawe vya kuezekea nyumba. AA, jina walilotoa watu wa Hawaii kwa zaha iliyoganda ikabaki na miiba na makali, lilituliza meza mpaka mzaliwa wa Tukuyu alipotaja mawe ya kwao upande wa Rungwe. CWM lilileta vita. Kwanza halina irabu hata moja. Pili, ni bonde lenye umbo la bakuli lililochongwa na barafu mlimani huko Wales. Utamwelezaje mtu wa Mlowo, ambaye barafu anaiona kwenye friji ya muuza soda, kwamba kitu hicho hicho kikikaa maelfu ya miaka kinachimba mlima? Tulilizungumza hadi saa ya kufunga. Mzee alitaka aliyelipanga apewe pointi zake, nami hadi leo naona alikuwa sahihi: alikuwa ameeleza, na sisi tulikuwa tumeelewa.

Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI ilipotoka mwaka 1996, mmoja wetu aliinunua Mbeya. Ilitatua ugomvi mwingi wa maneno ya kawaida. Yale adimu yaliendelea kutegemea watu.

Kilichonishangaza kuliko vyote kilikuwa maneno ya fedha. Wachezaji wakubwa wa Ulaya na Marekani huyakariri kama vitu vya mbali, wakati kwetu yalipigiwa kelele barabarani na vijana wa kubadilisha fedha. KWACHA ni pointi 18 kabla ya kuzidishwa na miraba ya ubao. NGWEE, sehemu ya mia ya kwacha, ni 9. Miaka ile mfumuko wa bei ulikuwa umeshazifuta ngwee mifukoni. Zilirudi mwaka 2013 Zambia ilipokata sifuri tatu kwenye fedha yake. Kwa hiyo kuna kipindi ngwee ilikuwa na thamani mezani kwetu kuliko sokoni Nakonde. Madereva watu wazima walioingia Lubumbashi enzi za Mobutu walituletea LIKUTA, na wingi wake MAKUTA. Upande wa Ileje, ng'ambo ya Mto Songwe, Malawi ilitupa TAMBALA, na orodha rasmi ya mchezo inakubali MATAMBALA kuwa wingi wake. Kiingereza kimebeba mpaka ngeli za Kibantu! Nilipolijua hilo niliacha kuiona kamusi ya Kiingereza kuwa mali ya watu wengine.

Simu ndizo zilizobadilisha mambo. Orodha nzima ya maneno yanayokubalika ikaingia mfukoni, bila maana, ikajibu ndiyo au hapana tu. Mwaka 2015 ulionyesha mambo mawili: kwamba neno linaweza kuchezwa bila maana yake, na kwamba Kiingereza ni mali yetu pia. Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa Scrabble ya Kifaransa bila kuzungumza Kifaransa. Alikuwa amekariri maneno yenyewe. Mwaka huohuo, kule Perth, Australia, Wellington Jighere wa Nigeria akawa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza, nasi Tunduma tukashangilia kana kwamba ametoka Mbozi. Baadaye ikaja Wordle ya Josh Wardle, herufi tano, bahatisha mara sita, na hapo maana haiulizwi kabisa.

Namheshimu Richards, kwani kukariri kiasi kile ni kazi nzito. Lakini kwa watu wanaochezea lugha ya pili au ya tatu, kama sisi, naamini sharti la Kitwe lina faida zaidi. Neno ulilolieleza kwa lugha yako unabaki nalo hata mchezo ukiisha.

Mpwa wangu anasoma Vwawa, na tunacheza kwa simu. Maneno ya herufi mbili anayo yote, QI, XU, ZO, anayarusha kama karanga. Nimemwekea sharti lilelile, naye analalamika, lakini anatii. Juzi alipanga LWEI, neno nisilolijua. Nikampigia.

"Mjomba, simu imekubali," akasema.

"Simu imekubali, mimi bado. Ni nini hiyo?"

Akakata, akaenda kutafuta. Baada ya robo saa akapiga: ni fedha ndogo ya zamani ya Angola, mia moja zilifanya kwanza moja. Akaniuliza kama madereva wa enzi zangu waliwahi kuzileta. Nikamwambia wetu walikuwa wa Lubumbashi na Kitwe, wa Luanda sikuwapata, kisha nikampa pointi zake saba.