Betri za magari ya mashindano na betri zinazolala nasi nyumbani

Hapa Kolwezi kila mtu ana neno la kusema kuhusu kobalti: bei yake, mashimo yake, malori yanayoipeleka Kasumbalesa. Kuhusu betri zinazotoka humo hatusemi sana. Mimi nilianza kuzifuatilia tarehe 25 Februari 2023, magari ya umeme ya Formula E yalipokimbia Cape Town. Tuliangalia kwa papa mmoja jirani mwenye jenereta. Wenzangu walifuata madereva. Jicho langu lilibaki kwenye taa ndogo iliyo juu ya kichwa cha dereva.

Taa hiyo ikiwa ya kijani, gari linashikika. Ikiwa nyekundu, hata kama gari limegonga ukuta, msaidizi haligusi kwa mikono mitupu. Dereva naye anaruka mbali kwa miguu miwili pamoja, asije akakanyaga chini huku mkono ukiwa bado kwenye gari, maana hapo umeme ungepata njia ya kupita mwilini mwake. Si hofu ya bure. Julai 2008, katika majaribio ya Formula 1 huko Jerez, Hispania, fundi wa BMW Sauber aligusa gari lenye mfumo mpya wa betri, umeme ukamwangusha chini. Alipona. Machi 2019, hapo hapo Jerez, moto wa usiku uliteketeza pikipiki za umeme za mashindano ya MotoE pamoja na hema lao. Hakuna aliyekuwa akiziendesha. Zilikuwa zimesimama tu.

Hilo la kusimama ndilo lililonifanya niende kwa yaya wangu mmoja wa hapa kartie, anayechaji betri za watu. Umeme ukikatika, watu wengi huku wanawasha taa na redio kwa betri za magari, na zikiisha nguvu wanampelekea yeye.

Tulianza na gari la mashindano la petroli, kwa sababu betri yake ni ya volti 12 kama hizi zake. Gari hilo linaweza kukaa wiki nyingi bila kuwashwa, na betri yake mara nyingi ni ndogo ili kupunguza uzito. Betri ya risasi iliyojaa na kupumzika inaonyesha volti 12.6 au 12.7. Ikiachwa muda mrefu chini ya 12.4, chumvi ya risasi inaganda kwenye sahani zake na uwezo haurudi wote. Ndiyo maana mafundi wa mbio huiacha kwenye chaja inayojipunguza yenyewe betri ikijaa. Betri inafungwa kwa vyuma isicheze, na vichwa vyake vinafunikwa ili kipande cha chuma kisiviunganishe gari likipinduka. Kuna pia swichi ya kukata umeme wote, ambayo dereva anaifikia akiwa amefungwa mkanda, na mtu wa nje pia anaifikia. Alama yake ni pembetatu ya buluu yenye cheche nyekundu.

Swichi hiyo inatakiwa izime na injini. Yaya aliuliza kwa nini. Kwa sababu alternata ikiendelea kuzunguka huku betri imekatwa ghafla, volti zinapanda na kuunguza kompyuta za gari. Alicheka, maana mafundi wengi wa hapa wanapima alternata kwa kuchomoa waya wa betri injini ikinguruma. Kwa gari la zamani ilipita. Kwa haya yenye kompyuta yanayoletwa siku hizi, mimi nisingekubali mtu afanye hivyo kwa gari langu, kama ningekuwa nalo.

Hatukucheka tulipofika kwenye chumba chenyewe. Betri nane zilikuwa zinatokota kando ya ukuta, na watoto wake watatu wanalala humo. Betri ya risasi ikipita kama volti 14.4 inatoa gesi ya haidrojeni kwa wingi, na gesi hiyo inahitaji cheche moja tu. Mama wa nyumba anawasha mbabula mlangoni mvua ikinyesha.

“Nizitoe nje wezi wazichukue?” alisema. “Betri ya mtu ikipotea, mimi ndiye nitalipa. Unalipa wewe?”

Sikuwa na jibu la haraka, na nadhani wanaotoa mashauri ya usalama huwa wanaruka swali hilo. Timu ya mbio ina walinzi na hema lake. Yaya ana mlango mmoja wenye kufuli. Tulikaa tukahesabu. Ukuta wa nyuma una paa linalotokeza. Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza kizimba cha nondo, wazi pande zote ili gesi ipande na kutoka, kifungwe ukutani. Tulikubaliana pia asizidishe sehemu moja ya kumi ya uwezo wa betri: ya ampea-saa 60 ipewe ampea 6, hata kama mwenyewe ana haraka.

Wiki iliyopita kizimba kilikuwa kimeshapokea betri tano. Tatu bado ziko ndani, dirisha wazi, na watoto wamehamia upande wa bibi yao.

Nikiwa pale aliingia kijana mmoja na betri ya lithiamu iliyong’olewa kwenye mashine, bila karatasi wala jina, anataka ichajiwe kwa chaja ile ile. Betri za lithiamu-chuma-fosfati za volti 12, ambazo magari mengi ya mbio sasa yanazitumia kuwashia injini na ambazo hazina hata punje ya kobalti yetu, hazitakiwi kupita volti 14.6, na kila seli inahitaji kulindwa na kibao chake cha umeme. Chaja ya yaya haina kikomo. Nilipoipima ilifika 16. Na hii ya kijana hatukujua hata ni lithiamu ya aina gani.

Yaya aliigeuza mkononi, akamrudishia. Kijana akasema kuna mwingine ng’ambo ya barabara atakayemchajia. Akaondoka nayo chini ya kwapa.