Nilidanganya kwa Maneno ya Kweli

Naungama: niliuza gari nikijua limeoza chini, na mnunuzi aliponiuliza, nilimjibu uongo.

Lilikuwa Mercedes-Benz 230 SL la mwaka 1965, la viti viwili na paa la turubai la kukunja. Aina hiyo ilioneshwa kwa mara ya kwanza Geneva mwaka 1963, na mwaka huohuo Eugen Böhringer akashinda nayo mbio ndefu za Spa–Sofia–Liège. Hadi 1971, pamoja na wadogo zake 250 SL na 280 SL, yalitengenezwa magari 48,912. Nilikuwa naishi Stuttgart, na nilijua lililo zima linauzwa ghali. Nikalinunua bovu, nilitengeneze niliuze.

Fundi alipoliinua, alichokoa kwa bisibisi chini ya mlango, ikazama. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi ilikuwa imekula chuma kwa miaka mingi. Gari la paa la turubai halina paa la chuma la kusaidia kukaza bodi, hivyo boriti zinazopita chini ya milango ndizo hubeba mzigo huo. Zikioza, gari hulegea, na likigongwa ubavuni, waliomo ndani ndio huumia. Fundi alitaka kuzikata na kuchomelea mpya. Nikapiga hesabu, nikaona faida yote inakwenda. Nikamwambia apige puti, apake rangi, kisha apulizie lami nyeusi chini yote. Tangazo niliandika mwenyewe: bodi safi, haina kutu.

Aliyekuja kulitazama alikuwa mzee mstaafu, ameandamana na mkewe. Alitoa sumaku ndogo mfukoni, akaigusisha mlangoni. Haikunata. Nikamweleza kwamba bati la nje la milango, boneti na mfuniko wa buti la gari hili ni alumini, na hilo ni kweli tupu. Akafurahi kukutana na mtu anayelijua gari. Kisha akapiga magoti, akaiweka chini ya mlango. Ikaanguka. Akainua macho.

"Na hapa?"

"Hapo pia ni alumini," nikasema.

Hapo ni chuma. Kilichoikataa sumaku ni puti. Aliniamini kwa sababu dakika moja kabla nilikuwa nimemwambia ukweli.

Ukaguzi wa lazima ulipofika, lami ilikwanguliwa na siri ikafichuka. Alinipigia simu bila kufoka. Aliuliza tu kama nilijua. Nikasema ndiyo. Mkataba wetu ulisema gari linauzwa kama lilivyo, lakini kifungu cha 444 cha sheria ya madai ya Ujerumani hakimlindi muuzaji aliyeficha kasoro kwa makusudi. Nililipa gharama zote za kuchomelea. Deni ambalo sikuweza kulilipa ni lile la kumwacha mke wake akae juu ya chuma kilichooza, nami nikiwapungia mkono.

Unayeuza gari la zamani, piga picha za chini yake, na kutu uitaje kwenye tangazo. Bei itashuka, iache ishuke. Nawe unayenunua, sumaku isiponata chini ya mlango, usipokee maelezo ya mtu. Gari lipandishwe juu, lami ikwanguliwe, uone kwa macho yako. Mjuzi naye hudanganya. Mimi nilikuwa mjuzi.